Kunywa Bila Kushuka

Iddi mwanangu,

Hali yako siulizi, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza chapati za watu wawili na kuuliza kama zimebaki. Hali yangu ndiyo si nzuri. Nimefunga kibanda kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hata malaria haijawahi kunifanyisha. Mteja mmoja alikuja kutaka washa za bomba, nikamwambia sipo, naye ananitazama. Akacheka, akaondoka.

Wewe umekwenda kwa fundi kukaza spoku, baba yako amekwenda msikitini, nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa uani na kalamu. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Nikianza tu, utasema "Mama, nimekusikia," utanibusu kichwani, utakwenda zako. Karatasi huwezi kuibusu kichwani.

Habari za sweta na baridi ya Arusha sikuandikii. Habari za swala, za chakula, za marafiki, zote umeshazisikia mpaka unazimalizia wewe kabla yangu. Nina jambo moja tu. Kesho alfajiri unaondoka kwa baiskeli, peke yako, unapita njia ileile ya Haneti iliyokulaza chini, na mimi mama yako sina uhakika kama utakunywa maji.

Usicheke kwanza. Najua begi litajaa. Nitalijaza mwenyewe kwa mikono yangu. Ninachosema ni kunywa.

Unakumbuka lilivyoanza. Ulikuwa unabeba chupa ya maji kwenye fremu, na kila ukitaka kunywa unaachia mkono mmoja kuichomoa. Siku ile Makutupora mbuzi akakatiza ukiwa na chupa mkononi, bado hujasimama, ukaenda chini na chupa yako, ukarudi na kidevu kimeshonwa. Nikakuambia baiskeli basi, imetosha, tafuta kazi ya kukaa. Ukanijibu kwa upole ule wako unaoniudhi: "Mama, tatizo si baiskeli. Tatizo ni mkono." Ukatoa begi la maji ulilopewa na yule mwendesha baiskeli wa Arusha, lile la kuvaa mgongoni lenye mrija unaopita begani. Ncha yake ya mdomoni ilikuwa imekatika, mrija unatiririka tu. Dodoma nzima umetafuta ncha nyingine hujapata. Ukasema, "Wewe si unakata mipira?"

Ni kweli nakata mipira. Lakini kazi yangu mimi ni kuzuia maji. Mtu ana bomba linavuja, pampu inatema, namkatia washa, ile pete ya mpira, maji yanakoma, anakwenda nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniletea kazi ya kuyaachia. Wewe ukataka mpira unaozuia na kuachia, na anayeamua ni meno: ukiuma ufunguke, ukiachia ujifunge wenyewe, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Nikakuambia hicho kitu hakipo. Ukasema kipo, kimekatika tu. Tukacheka, na kuanzia hapo nikawa sipati usingizi.

Cha kwanza nilikikata kwenye tyubu ya pikipiki. Ulikiweka mdomoni ukakitoa hapohapo, ukasema ni kama kulamba barabara. Cha pili tukanunua chuchu ya chupa ya mtoto duka la dawa, na yule dada wa dukani akanipa hongera ya mjukuu, nami kwa aibu ya kueleza nikapokea. Nikaichana kichwani kwa wembe, mkato mmoja mdogo. Ukauma, maji yakaja. Ukaachia, yakakatika. Ulinitazama kama ulivyonitazama siku uliyojua kusoma.

Jina ulilitafuta wewe. Ulisimama na kioo, ukafungua mdomo, ukanionyesha kile kinyama kinachoning'inia kooni, ukasema tuite hivyohivyo. Baba yako akasema, "Basi iteni kimeo." Ukakataa katakata, kwamba ukimwambia mtu mjini hapa unauza kimeo ataondoka mbio, atadhani unamuuzia kibovu. Ndipo tukasema kilimi. Baba yako alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaona nyumba yangu ni nyumba nzuri.

Sasa nikueleze makosa yetu, maana naona wewe unayasimulia kwa watu kama kichekesho, na mimi bado yananikosesha raha.

Kilimi kile kilikamilika Ramadhani imeshaingia. Mchana huwezi kujaribu kitu cha maji mdomoni, umefunga. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri magharibi. Unafuturu, tende, uji, viazi vya nazi, halafu unakaa kwenye mkeka na begi mgongoni, unauma, unameza mafunda mawili, unasema "safi kabisa." Kila jioni safi kabisa. Mimi naandika kichwani kwamba kitu kimefaulu. Hata mmoja wetu hakufikiri kwamba anayejaribu ameshiba uji, amekaa wima, upepo wa Dodoma wa jioni unampiga, na hana kiu. Tulikipima kwa mtu asiyekihitaji.

Idi ikapita, ukaenda nacho barabarani mchana wa jua kali. Ukarudi shati limelowa mpaka suruali, midomo myeupe, unajisifu, "Leo nimetoka jasho, Mama, sijawahi." Nikakugusa mgongoni. Nikalamba kidole. Jasho lina chumvi, mwanangu. Yale yalikuwa maji. Jua lilikuwa limeulainisha ule mpira wa mtoto mpaka mkato ukabaki wazi, nawe ulikuwa umeinama juu ya usukani, begi liko juu, mdomo wa mrija uko chini kifuani, maji yakajiendea yenyewe. Ulibeba maji kutwa na ukayamwaga kutwa, na kiu yako mwenyewe hukuisikia. Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka ili nisilie.

Mengine unayajua zaidi yangu. Rafiki yako Meshaki wa pale chuoni Chimwaga alitupatia silikoni ile isiyo na harufu, akatuchongea kalibu ya kuimiminia, tukaachana na chuchu za watoto. Safari hii nikasema hakuna kujaribu jioni. Tukakianika juu ya bati la kibanda saa saba mchana, kisha ukalivaa begi, mimi nimefunga kanga kichwani, wewe umeinama kama unaokota kitu, Mama Neema kwa ukuta wa pili anauliza huyu mtoto ana nini tena. Hakikutoa hata tone. Lakini nikakuambia tuongeze unene. Meshaki akasema unatosha. Nikasema ongeza. Kikawa kigumu, ukasema taya zinachoka. Nikasema afadhali taya.

Hilo nalo nikwambie, kwa kuwa ni jambo nililojifunza zamani na nikalisahau siku niliyolihitaji. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nakata washa nene, nikiamini nene ndiyo salama. Mteja akawa anakaza bomba, halikazi, anakaza tena, mpaka linapasuka mkononi mwake, anarudi kunitukana. Aliyenifundisha kazi akaniambia, "Binti, hii hukumkatia bomba lake, umeukatia woga wako." Nilimchukia wiki nzima. Na kweli, kilimi kile kinene nilikikatia woga wangu.

Ndiyo maana siku ile ya Haneti nilijua ni mimi.

Nilikuwa kibandani, simu ikalia, jina lako. Nikasema "Ee Iddi," ikajibu sauti ya mwanamke. Mama mmoja wa Kigogo, alikuwa anauza karanga kando ya barabara. Hakunisalimia, akasema moja kwa moja: "Mama, kijana wako ameanguka hapa. Ana maji mgongoni, lakini mdomo wake umekauka, umepasuka." Nikamuuliza maji gani. Akasema, "Maji, mama. Begi limejaa. Nimelifungua mwenyewe nikamnywesha." Naomba Mungu amlipe mama yule, maana mimi nilishindwa hata kumshukuru. Nilisema tu "limejaa?" Nikasema tena "limejaa?" Mpaka yeye ndiye akanituliza mimi.

Njia nzima kwenye gari la mizigo baba yako alinishika mkono, na mimi nilikuwa nafanya hesabu za unene. Nikajiambia nimemtengenezea mtoto wangu kitu kigumu mno, ameuma hakikufunguka, ameuma tena, ameishiwa nguvu, ameanguka na maji mgongoni mwake. Nikakukuta zahanati umelala, dripu mkononi, vumbi limeganda kwenye nyusi. Ukanifungulia jicho moja. Nikakuuliza, "Kilikataa?" Ukasema, "Hapana, Mama. Nilisahau tu kunywa."

Nilisahau tu. Mtu anasahau mwavuli, anasahau funguo. Sikukuamini, Iddi. Nilidhani unanistahi, hutaki kuniambia kazi yangu ilikuangusha. Wala sikukubishia, maana nilikuogopa wewe na jibu lako. Nikarudi kibandani nikaanza kukata. Chembamba kidogo, chembamba zaidi, mkato wa kulala, mkato wa msalaba. Vile vilimi vyote ulivyokuwa unavikuta kwenye bakuli la chumvi na kuuliza ni vya nini, ndivyo hivyo. Nilikuwa nauma kimoja kimoja nikijifanya nina kiu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, tena kivulini. Unaona mama yako asivyojifunza.

Halafu barua ya Arusha ikaja, kwamba karakana ya kule inayoshona mabegi ya maji inakutaka, wewe na kilimi chako, na timu ya baiskeli ya hukohuko nayo ina nafasi. Ukaruka hapa uani mpaka kuku wakatawanyika. Nikasema alhamdulillahi, utapanda basi. Ukasema utakwenda kwa baiskeli, upite Kondoa, ulale Busi kwa baba yako mdogo, ili ufike na kitu kilichotembea barabarani, sio kitu cha kuoneshwa mezani. Baba yako akasema ni wazo la kiume. Sikusema naye siku mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimezunguka sana, nisamehe, mkono unaogopa.

Juzi nilikuwa natoka sokoni na mboga zangu. Nikakuona unakuja kwa baiskeli, unatoka mazoezini, kofia imekaa upande, umechoka. Hukuniona. Ulipofika pale kwenye ukuta wa mashine ya kusaga ulisimama. Ukashuka. Ukailaza baiskeli. Ukachuchumaa, ukaushika mrija kwa mkono wa kulia, nikaona midomo inasema bismillahi, ukauma kilimi, ukanywa. Ukapumua. Ukanywa. Ukapumua. Ukanywa mara ya tatu, ukafuta mdomo, ukainuka, ukapanda baiskeli, ukaenda.

Nilisimama na mboga zangu pale barabarani kama mwehu. Kwanza nilitaka kucheka. Tumekaa miezi na miezi tunatengeneza kitu cha kunywa bila kushuka, tumemsumbua Meshaki wa watu, tumeungua jua penye bati la kibanda, na mwenye kitu chake anashuka, anachuchumaa, anakunywa. Halafu kicheko kikakatika. Nikaiona ile barabara ya Haneti. Hakuna ukuta, hakuna kivuli, malori yanakupita, uko nyuma ya muda wako, unajiambia nitashuka pale mbele ninywe. Pale mbele hapafai. Nitashuka mbele zaidi. Na mbele zaidi ndipo ukamkuta mama wa karanga.

Hukusahau, Iddi. Ulikuwa unatafuta mahali pa kukaa.

Na aliyekufundisha kukaa ni mimi. Ulikuwa mdogo, tulikuwa Busi kwa bibi yako, watoto wote wanakimbizana uani, nawe ulikuja mbio ukachota maji, ukanywa huku unakimbia, yanakumwagikia kifuani. Nilikunyang'anya kikombe, nikayamwaga yote chini mbele yako, wakati Busi kiangazi kile maji yalikuwa ya kufuata mbali. Bibi yako alishtuka. Nikasema, "Mtoto wa kwetu hanywi njiani kama ng'ombe. Kaa. Mkono wa kulia. Bismillahi. Pumzi tatu." Ukakaa, unalia, kikombe kitupu mkononi. Hukuwahi kunywa umesimama tena. Hata shuleni mwalimu wako aliwahi kuniambia, huyu mtoto wako katika gwaride la jua kali wenzake wananyweshwa chupa mstarini, yeye anatoka mstarini akakae. Nilijisikia fahari kubwa. Nilimsimulia kila mtu.

Sijutii adabu. Usinielewe vibaya, na mke wako utakapompata usimwambie mama yangu aliniambia adabu ni upuuzi. Kukaa na kunywa kwa utulivu ni jambo jema, nami nitakaa na kunywa hivyo mpaka nizikwe. Lakini nilikufundisha tendo, sikukufundisha sababu. Nilikuwa mama kijana, ninaogopa mawifi, ninaogopa wasemavyo watu, nikataka wakuone umelelewa. Maji yale niliyamwaga kwa ajili ya macho ya watu waliokuwa uani. Wewe umeyabeba ukadhani ni sheria kubwa kuliko uhai wako.

Nilimwambia baba yako usiku uleule. Nilitegemea atanyamaza na mimi. Akanitazama akasema, "Mama Iddi, kwani kwenye baiskeli mtoto anasimama? Si amekaa kwenye siti?" Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii, na mtu wa zamani juu ya punda wake alikuwa anashuka kila akitaka maji? Kesho yake asubuhi kaniletea ustadhi mpaka kibandani, jamani, ustadhi mzima na kanzu yake katikati ya mipira yangu michafu. Ustadhi kacheka kwanza, kisha kasema kwa upole kwamba kukaa ni adabu nzuri, ila dini haikumwekea mtu kiu mpaka aanguke, na mwenye dhiki anakunywa alivyo. Nikamwambia amwambie Iddi. Akasema, "Hilo si langu, dada. Aliyemkataza ni wewe."

Basi ndiyo mimi hapa, nakwambia.

Kuna kingine nadhani kinakudanganya, nacho pia ni kitu chema. Umefunga tangu mdogo, na umefunga vizuri, hata siku za mazoezi. Mwili wako umejua kuinyamazisha kiu. Kiu inakuja, unaiambia ngoja, inangoja. Lakini kwenye funga inangojea magharibi, na magharibi inakuja, hakuna siku imekataa. Barabarani hakuna magharibi, mwanangu. Hakuna adhana ya kukuambia sasa unaweza. Ukiiambia kiu ngoja, itangoja kwa heshima mpaka macho yaone giza, kwa vile ndivyo ulivyoizoesha.

Usingoje kiu. Uma kilimi kabla haijaja. Ukipanda kilima, uma. Ukishuka, uma. Ukipita mbele ya watu kwenye magenge ya Haneti, wazee wamekaa, mabinti wanakutazama, uma hapohapo. Najua hapo ndipo utakapokaza meno. Najua pia vitoto vya mtaa vinakuita mnyonyaji kila vikikuona na mrija, na najua aliyeanzisha ni Mama Neema, nimeshamsema, amekana. Wewe si mtu wa kujali vitoto. Unachojali ni ule uso wangu wa Busi. Nao ule uso nauondoa leo. Nimeukunja, nimeuweka.

Nakuachia vilimi viwili. Kinene nimekitupa kwenye jaa, usikitafute. Kimoja kiko kwenye mrija, ni chembamba kama alivyotaka Meshaki, mkato wa kulala, nimekijaribu kwa kiu ya kweli safari hii: jana mchana nilitembea nacho mpaka Chimwaga na kurudi kwa miguu, begi mgongoni, jua la kichwani, sikunywa chai tangu asubuhi. Hakikuvuja. Kiling'atika kwa urahisi. Lakini nikwambie ukweli, nilinywa pale tu ambapo hapakuwa na watu. Nilipofika penye bodaboda wamejaa nilikaza mdomo nikapita na kiu yangu, mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, kwa kuwaogopa vijana ambao hawajui hata jina langu. Ndipo nilipojua ninakuomba jambo zito.

Cha pili kiko mfuko wa pembeni, cha akiba. Kikipasuka cha kwanza usisite, badilisha. Silikoni haina hasira na mtu.

Arusha watakuuliza kinafanyaje kazi, nawe utawaeleza habari za unene na mkato na joto, ambazo unazijua vizuri. Nakuomba uwaeleze na hili la ukuta wa mashine ya kusaga. Usione haya. Watu watakaovaa mabegi hayo wamelelewa na mama zao nao, kila mmoja ana jambo lake alilokatazwa, na huwezi kuliona ukikiangalia kilimi mezani. Muulize mtu kabla hujamuuzia: utakunywa mbele ya nani? Akisita kujibu, kaa naye.

Naogopa, Iddi. Baba yako anasema umekuwa mkubwa, ni kweli, lakini mwili niliouona pale zahanati ulikuwa umelala kama ule niliouzaa. Tangu siku ile kila simu ikilia naiacha ilie kidogo kwanza. Kesho itakuwa hivyo kutwa nzima. Sikuzuii. Ningekuwa wa kukuzuia ningekuwa nimeshatoboa matairi, na niliwaza, nikwambie ukweli, nilisimama nayo usiku mmoja na bisibisi mkononi. Nikarudi kulala.

Kwa hiyo nina ombi moja, na ndilo lote, mengine ni maneno ya mama.

Kesho baada ya swala mtaa mzima utakuja hapa getini kukuaga. Ustadhi atasoma dua. Baba yako atasema maneno marefu. Mama Neema atakuwepo, na vile vitoto, na wale mabinti wa nyumba ya kona. Sitaki unikumbatie mara mbili, nitalia na nitakuchelewesha. Panda baiskeli. Miguu yote juu, magurudumu yanazunguka, mikono yote kwenye usukani. Kabla hujafika kwenye kona, mbele ya macho yao wote, uma, unywe. Mafunda matatu ukitaka, bismillahi kimoyomoyo, lakini usishuke wala usisimame. Nataka nione koo lako likimeza.

Ukifika kwenye kona sijaliona, nitakuita urudi, na ukirudi hutaniona nikigomba. Nitakuvua begi, nilivae mimi, na nitatembea katikati ya watu wote wale, mama yako, mke wa mtu, nikinywa huku natembea, mpaka uone kwamba mbingu haikuanguka. Halafu nitakurudishia lako, na utakwenda.

Mimi niliyekukataza, na sasa nakuruhusu,

Mama yako